Viatu vya Mlinzi wa Daraja

Saa kumi na moja kamili jioni fundi aliwasha runinga zote saba za karakana yake, na hakuna hata moja iliyokuwa nzima. Zilizopona zilikuwa zimeshachukuliwa na wenyewe. Moja ilionyesha kila kitu kwa rangi ya kijani. Nyingine ilitoa sauti bila picha, na jirani yake ikatoa picha bila sauti, kwa hiyo zikawekwa pamoja kama mtu na mkewe. Ya mwisho, iliyokaa chini karibu na soketi ya ukutani, ilionyesha nusu ya chini tu ya picha. Nusu ya juu ilikuwa nyeusi tii.

Watu wanne walikuwa wamekaa, kila mmoja mahali pake pa siku zote. Fundi mwenyewe alikuwa na bisibisi nyuma ya sikio. Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na sita, akastaafu na kalamu yake nyekundu. Msusi alikuwa na chumba cha kusukia nywele mlango wa pili, na mdomo wake haukuwa na breki. Wa nne alikuwa wifi yake huyo msusi, mjane aliyepiga pasi nguo za watu kwenye kona ya karakana kwa sababu pale umeme haukuwa na visirani. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Meza yake ilitazamana na ile runinga ya nusu, na kwa msimu mzima wa mchezo waliokuwa wakiufuatilia alikuwa amewajua wahusika kwa miguu yao.

Ilikuwa sehemu ya mwisho ya msimu. Shujaa aliitwa Nguzo, na uwezo wake ulikuwa kubeba kitu chochote cha uzito wowote. Daraja kubwa la jiji lilikatika katikati. Nguzo alilishikilia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akawa anayatoa magari, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Kisha mwandishi wa habari mwenye koti la bluu alisimama mbele ya kamera, akatangaza kwamba watu wote waliokuwa darajani wameokolewa. Muziki ukapigwa na majina yakaanza kupanda.

Fundi alipunguza sauti. Kikao kilikuwa na sheria mbili. Kasoro lazima ithibitishwe kwa kurudia mkanda, na hairuhusiwi kusema kitu ni kibaya kwa sababu tu hukukipenda. Kila kasoro Mwalimu aliiandika kwa kalamu nyekundu, na mwisho wa kikao fundi aliituma orodha kwa watengenezaji wa mchezo ule kwa simu yake. Barua zote zilifungwa kwa sentensi moja aliyoitunga Mwalimu: Tunatarajia masahihisho katika msimu ujao. Hawakuwahi kujibiwa.

Msusi alianza. Lile joho la Nguzo liliungua sehemu ya tisa, wote waliona. Leo amelitoa wapi, kwa fundi cherehani gani, na jiji zima linawaka moto? Fundi akasema afadhali joho. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima, sasa yule dada wa koti la bluu alikuwa anarusha matangazo kwa kutumia nini, mshumaa? Mwalimu alikuwa amehesabu magari arobaini. Kila gari lilichukua dakika mbili kutolewa, na daraja lilisemekana lingeanguka baada ya dakika kumi.

"Mwalimu, wewe hata ndoto ungezisahihisha," msusi akasema.

"Za kwako zingenimalizia wino."

Walifika kasoro ya kumi na tatu. Hapo Mama Pasi, ambaye kwa msimu mzima hakuwa ametoa hoja hata moja, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa akiipiga pasi:

"Kuna viatu havijashuka."

Mwalimu akamwomba afafanue. Mama Pasi akasema kwamba katika sehemu ya tatu kulikuwa na viatu vizito vya kazi, cha kushoto kikiwa na kamba nyeupe, cha kulia kamba ya kahawia. Vilipanda ngazi za chuma mpaka kwenye kibanda kilichokuwa katikati ya daraja. Tangu siku hiyo alikuwa anavisubiri. Leo miguu yote imepita mbele yake, ya watoto, ya wagonjwa, hata ya mbwa mmoja, lakini vile havikupita.

"Mwenye viatu amekwenda wapi?" akauliza.

Fundi alirudisha mkanda. Walitazama sehemu ya tatu, kisha ya mwisho, kisha ya tatu tena, wote wamechuchumaa mbele ya runinga ya nusu. Ilikuwa kweli. Mlinzi wa daraja alipanda kibandani akiwa na chupa nyekundu ya chai, na hakuna aliyemkumbuka tena. Mwalimu aliandika kasoro ya kumi na nne, akaipigia mstari.

Kesho yake saa kumi na moja mlinzi wa daraja aliingia karakanani. Alikuwa na vumbi la zege mabegani na chupa nyekundu mkononi. Fundi alimkaribisha, akamwuliza kama ameleta TV.

"Hapana. Nimesikia kuna mtu ameniuliza."

Mama Pasi alimtazama miguuni. Kamba nyeupe kushoto, ya kahawia kulia. Akamsogezea stuli.

Kuanzia kiunoni kwenda chini mlinzi alionekana vizuri kabisa, hata matone ya saruji kwenye suruali yalihesabika. Kwenda juu alikuwa hafifu, kama picha ya antena iliyopinda. Mama Pasi aliomba radhi kwa hilo, akasema yeye alikuwa amemwona nusu tu. Mlinzi akajibu kwamba nusu inamtosha, kwa kuwa wengine hawakumwona kabisa. Fundi alimzunguka mara moja akimkagua kikazi, akasema hilo si tatizo kubwa, na kumbe kweli. Baada ya siku tatu za kukaa nao uso ulikuwa umekaa sawa, uso wa mtu wa makamo mwenye macho ya kusinzia.

Alizoeleka upesi. Alimwelekeza mteja wa msusi akija, alikunja mashuka na Mama Pasi, yeye huku na Mama Pasi kule, wakikutana katikati. Alieleza kwamba siku ya kuanguka kwa daraja alikuwa anasubiri kuambiwa ashuke. Aliyeandika hadithi hakuwa amempa neno hata moja la kusema, kwa hiyo hata kuita hakuweza.

Siku aliyosema hivyo, Mama Pasi alifungua mtoto wa meza akatoa barua. Ilikuwa ya miaka minne, lakini haikuwa na kunjo hata moja, kwa sababu kila ilipojikunja aliipiga pasi. Alimpa Mwalimu, akamwomba aisome kama wanavyosoma mchezo.

Wote mtaani walilijua lile jambo, ila hakuna aliyekuwa amelitazama kwa kurudia mkanda. Mume wa Mama Pasi, kaka yake msusi, alikuwa mlinzi wa ghala la kiwanda cha magodoro. Siku moja alikwenda kazini na hakurudi, na siku hiyohiyo ghala likaungua. Magodoro yaliwaka siku tatu. Majivu yakasombwa na malori kabla ya yeyote kuyachungulia. Kisha kiwanda kikatundika bango langoni: HAKUNA MTU ALIYEDHURIKA. Mama Pasi alikwenda ofisini mara kumi na tisa. Hakutaka kitu kingine chochote, alitaka waandike mstari mmoja kwamba mumewe alikuwepo. Walichompa ni ile barua.

Mwalimu aliisoma kwa sauti. Siku ya tukio mlinzi hakuwepo kazini. Kengele ya moto ilipigwa kwa mkono saa kumi na mbili na dakika tano. Wafanyakazi wote ishirini na wawili walitoka kwa mlango wa nyuma, uliofunguliwa kwa wakati. Hakuna mtu aliyedhurika.

Alitoa kalamu nyekundu.

"Kama mlinzi hayupo, kengele kaipiga nani?" akauliza.

"Na mlango wa nyuma," msusi akasema polepole. Safari hii hakuwa na mzaha. "Ufunguo wa mlango wa nyuma alikuwa nao kaka peke yake. Alikuwa anaufunga kwenye mkanda wa suruali, tukimcheka kwamba anatembea na njuga."

Fundi akaongeza kwamba barua ilihesabu wafanyakazi ishirini na wawili, wakati orodha ya zamu, ile iliyobandikwa langoni kabla ya moto, ilikuwa na majina ishirini na matatu, la mlinzi likiwemo. Aliijua kwa sababu aliwahi kwenda kuwatengenezea spika ya matangazo. Kasoro zikawa tatu. Mama Pasi aliunga mkono zote tatu kwa kuinua mkono, maana ndivyo kikao kilivyofanyika.

Waliandika barua kwa kiwanda. Waliiandika vizuri, kila kasoro na ushahidi wake, na kwa mazoea Mwalimu akaifunga kwa sentensi ileile, kwamba wanatarajia masahihisho katika msimu ujao. Hakuna aliyegundua mpaka ilipokwisha kutumwa.

Tofauti na watengenezaji wa michezo, kiwanda kilijibu. Kilisema maoni yao yamepokelewa na kwamba kinawashukuru kwa kuwa wapenzi wa magodoro yake. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba siku ya tukio mlinzi hakuwepo kazini. Kuhusu msimu ujao, kiwanda kitatoa magodoro mapya ya rangi tatu.

Mwalimu aliomba radhi kwa kosa lake. Mama Pasi akamwambia asijitie presha, hata wangeandika kwa damu jibu lingekuwa hilohilo. Aliipiga pasi barua mpya, akaiweka juu ya ile ya zamani.

Mlinzi wa daraja alikuwa kwenye stuli yake, chupa nyekundu kati ya miguu.

"Mmeandika kwamba kuna mtu alipiga kengele," akasema. "Mmeandika kwamba kuna mtu alifungua mlango. Ni sawa. Lakini mimi huyu mama alinifanyia kitu kingine. Aliuliza nimekwenda wapi."

Pasi ilitoa mvuke. Kwa miaka minne Mama Pasi alikuwa amewauliza watu wa ofisini kwa nini hawaandiki. Yuko wapi, hakuwa amemwuliza mtu yeyote, kwa sababu jibu alilijua na hakutaka kulisikia kwa sauti ya mwingine. Aliisimamisha pasi, akaifuta mikono yake kwenye kanga, akauliza:

"Mume wangu yuko wapi?"

Msusi alimshika bega wifi yake, akaliacha, akalishika tena. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la duka la ng'ambo. Kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake saa kumi na moja mume wa Mama Pasi aliingia karakanani. Huyu hakuwa hafifu popote. Alikuja mzima, kuanzia kipara mpaka kisigino, pamoja na kovu la kidevuni na kile kifungo cha tatu cha shati kilichotofautiana na vingine, alichokishona mkewe siku walipokosa kinachofanana. Alinuka moshi. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye mkanda wa suruali.

"Nimechelewa," akasema.

"Nimeona," mkewe akasema. "Vua hilo shati."

Alilivua. Mama Pasi alilitandaza mezani, akaanza na kola, kisha mikono, kisha mgongo, akipita mahali pamoja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mumewe alisimama na fulana akimtazama. Msusi alisema kaka umekonda. Kaka akajibu kwamba yeye naye amenenepa, kwa hiyo kilo hazijatoka nje ya ukoo. Msusi akacheka hadi akalazimika kutoka nje, akakumbuka huko kwamba amemwacha mteja na nusu ya kichwa.

Alikuwa amekufa, na hilo hakulificha. Hakula chochote, ila alipenda kushika kikombe chenye joto. Jioni aliondoka na mkewe, na asubuhi walirudi pamoja, yeye akiwa amebeba kapu la nguo.

Wiki ya pili alisema kuna kazi hajaimaliza, akaenda kiwandani kurudisha ufunguo. Mkewe alikwenda naye, na shati lilikuwa limenyooka kiasi cha kukata kidole. Langoni walimwambia ajiandikishe kwenye kitabu cha wageni. Karani wa ofisi, aliyekuwa mmoja wa wale ishirini na wawili, alimtazama usoni kwa muda, akamtazama tena, akatafuta faili. Alisema kwa adabu kwamba kumbukumbu zinaonyesha siku ya tukio hakuwepo. Mlinzi wa ghala alimwuliza kama koo lake limepona ule moshi. Karani alisema limepona, ahsante sana, akainamisha kichwa. Kisha akaupokea ufunguo na kumwandikia hati: Ufunguo mmoja wa mlango wa nyuma, umeokotwa na mgeni.

Walitoka. Mafundi rangi walikuwa juu ya ngazi wakilipaka bango upya, herufi zilezile.

Msimu mpya ulipoanza, karakana ilikuwa na stuli mbili zaidi. Fundi alikuwa amepata kipuri cha runinga ya nusu, akataka kuitengeneza, lakini Mama Pasi alimwambia aiache hivyohivyo. Daraja jipya lilizinduliwa. Nguzo alikata utepe, mwenye koti la bluu akawakumbusha watazamaji kwamba siku ile watu wote waliokolewa. Mlinzi wa daraja akajimiminia chai. Mlinzi wa ghala akasogeza kikombe chake naye apate cha kushika.

Mwalimu alifunua daftari, akaandika namba moja kwa wino mwekundu.

"Nani anaunga mkono?" akauliza.

Mama Pasi aliinua mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umeshikwa.