Kengele Iliyongojea Picha

Mtu akikuambia "tulia" na haki iko upande wako, unatuliaje? Asubuhi ile Raimo, mkuu wetu wa kazi pale Oulu, mji wa theluji wa kaskazini ya mbali, aliniambia nitulie huku anakata keki ya wageni.

Tulikuwa tunatengeneza mashine ya kupumulia watoto njiti. Ndani mna prosesa moja tu, ubongo wa mashine, na kazi zote zinaing'ang'ania hiyohiyo. Kiini cha mfumo ndicho kinachogawa zamu: mwenye cheo anapita, mdogo anasubiri. Kengele ya hatari tuliipa cheo cha juu kabisa, na kazi ya kuhifadhi vipimo cha chini kabisa. Katikati ikawekwa picha ya mawimbi ya pumzi, aliyoiandika mwenzangu Ilpo, kwa sababu Raimo alitaka wanunuzi waone skrini inateleza bila kukwama.

Ubaya uko hapa. Vipimo vimefungiwa mahali pamoja, na ufunguo ni mmoja. Yule wa chini, mhifadhi vipimo, akiwa ameushika, picha inakuja kumpokonya zamu, anaganda na ufunguo mkononi. Kengele, mkubwa wa wote, haiwezi kulia bila kusoma vipimo, basi inasimama mlangoni ikiungoja ufunguo. Picha haina habari, inachora tu. Dawa yake ndogo: aliyeshika ufunguo aazimwe cheo cha anayemngoja mpaka aurudishe. Mstari mmoja wa programu, na niliuandika. Raimo akaufuta. Akasema kengele bado iko juu ya picha, sasa mimi nataka nini tena. Ilpo naye akadai nayaonea wivu mawimbi yake. Wivu, mimi! Ukweli ni kwamba mstari ule ungetulazimu kupima upya, na wageni walishaalikwa. Kwetu kahawa ya wageni haiahirishwi, theluji ianguke isianguke.

Wageni wakaja, miongoni mwao Hilkka, muuguzi mkuu wa wodi ya njiti. Mashine zilikuwa ziende wodini kwake kesho yake. Mawimbi yakateleza, kila mtu akasifu. Nikaweka kikombe chini, nikaiendea mashine, nikachomoa bomba kwenye pafu la mpira tulilokuwa tunajaribia.

Mawimbi yakavurugika, yakageuka mekundu, picha ikachapa kazi kuliko wakati wowote. Kengele kimya. Sisi watu wa huku hatuogopi ukimya, lakini ule ulikuwa mbaya. Raimo akanong'ona kwamba labda ni spika.

"Si spika," nikasema. "Ngojeni."

Tukangoja mpaka Ilpo akaacha kutafuna. Hilkka akauliza picha inazimwaje, nikamwonyesha kitufe. Alipokibonyeza tu, skrini ikawa nyeusi na kengele ikalipuka ukumbi mzima. Kisu cha keki kikamdondoka Raimo.

Hilkka aliiacha ilie. Akalichukua lile pafu lililonywea, akamwekea Raimo mkononi.

"Shika mtoto wako," akamwambia. "Nilikuwa naangalia picha yake nzuri, kumbe ameshakufa."

Raimo akasimama nalo, hajui aliweke wapi. Halafu akanigeukia, akaniuliza polepole ule mstari ungechukua muda gani kuuandika.

"Ulikuwa umeshaandikwa," nikamjibu. "Uliponiambia nitulie, ulikuwa umeshaufuta."