Manjano Kumi na Nne

Wachumba wangu wawili wa kwanza walishindwa na maua. Sitii chumvi. Wa kwanza, mhasibu, alipelekwa bustanini na baba yangu, akaonyeshwa safu nzima ya mayungiyungi ya siku moja, akaulizwa anaona nini. Akasema anaona maua ya manjano. Baba akamshukuru, akamsindikiza hadi getini, na tangu hapo mtu akimtaja alikuwa akiuliza, "Nani, yule kipofu?" Wa pili alikuwa akipiga chafya kila akisogelea ua. Huyo hata mwisho wa safu hakufika.

Kabla ya kustaafu baba alikuwa mpima ardhi. Maisha yake yote aliwaambia watu mpaka wao unaishia wapi, na siku alipoambiwa sasa akapumzike, akauhamishia ukali wake nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi kinachotosha kuegesha magari mawili. Hakupanda mchicha, hakupanda nyanya. Alipanda yungiyungi la siku moja, ua linalofunguka alfajiri na jioni limeshasinyaa, kisha kesho yake jingine kwenye bua lilelile linashika zamu. Na alipanda ya manjano tu. Mekundu aliyaita kelele. Ya rangi ya chungwa aliyaita manjano yaliyokosa malezi.

Alikuwa na aina kumi na nne, na kila moja aliipa jina la nyumbani. Ndimu lilikuwa dogo, jepesi la rangi, lenye harufu. Kiini lilikuwa kubwa, limeiva kama kiini cha yai, refu hadi kiunoni, ila halikunukia hata ukiliingiza puani. Kulikuwa na Siagi, Kifaranga, Ndizi Mbivu, Nta, na mengine ambayo mimi nilikuwa nayakariri usiku wa kuamkia wageni ili nisiaibike. Majirani walimwita Bwana Manjano, naye alijifanya hasikii huku moyoni amefurahi.

Fahari yake kubwa ilikuwa Hesabu. Ua hilo alilizalisha mwenyewe: ukubwa wa Kiini, wepesi wa Ndimu, harufu ya kukufuata mpaka jikoni, na lilikaa wazi hadi watu wamemaliza chakula cha usiku. Chama cha watunza bustani kilimpa kikombe. Siku ya kukipokea alisimama mbele ya watu, akakohoa, akasema, "Hii si bahati. Ni hesabu." Jina likapatikana palepale. Kikombe kiliwekwa juu ya kabati la vyombo, na sisi tukapigwa marufuku kukifuta kwa kitambaa kibichi.

Kuzalisha kwenyewe hakuna uchawi. Asubuhi, ua likiwa ndiyo kwanza limefunguka, baba alichuma kijiti chenye chavua kutoka ua moja, akakipangusa kwenye ncha ya ua jingine, basi, ndoa imefungwa. Kisha alifunga uzi chini ya ua lile. Uzi mwekundu maana yake baba wa mbegu ni Ndimu, wa bluu ni Kiini, mweusi ni Siagi, na kuendelea. Mama wa mbegu hakuhitaji uzi, maana kifuko cha mbegu kinaota kwenye mwili wake mwenyewe na kila mpita njia anakiona. Ni baba ndiye anayehitaji ushahidi. Uzi ulikaa hapo wiki nyingi mpaka kifuko kikauke na kupasuka, mbegu zikapandwa, na baada ya hapo mtu anasubiri miaka miwili, mitatu, kuona kilichozaliwa.

"Mbegu nisiyomjua baba yake," alizoea kusema, "mimi siipandi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonijia nilipompata fundi.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno. Kazini nawaambia watu wafungue mdomo, nyumbani nimezoea kufunga wangu. Fundi, fundi cherehani, alikuja kung'olewa gego. Kabla sijamfunga kitambaa kifuani akaniambia pindo la koti langu limefumuka, na wakati anasubiri ganzi ishike akalishona palepale, shavu moja limelala. Nilimpenda. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa na umri wa kutosha kuolewa bila kumuuliza mtu, lakini nilitaka siku ile baba yangu asimame pale na uso mkunjufu, asije kama shahidi wa ajali. Hilo tu nilitaka, na nililitaka sana.

Shida ni kwamba fundi hakumjua baba yake. Mama yake alifariki yeye fundi angali mchanga, hakuacha jina la mwanamume yeyote, na aliyemlea ni dada yake mama huyo, mpishi katika bweni la shule ya wavulana. Fundi alimwita Mama Mkubwa. Nilipomweleza baba yote hayo, alinisikiliza hadi mwisho, akanywa chai yake polepole.

"Kwa mama yake pako wazi," akasema. "Upande wa pili pana nani?"

"Hajulikani, baba."

"Sasa mwanangu unataka nipande nini?"

Mama alikuwa pembeni anakunja nguo. Akasema, "Si waje tu tuwaone." Baba akakubali waje, kama hakimu anayesikiliza rufaa ambayo hukumu yake ameshaiandika.

Wakaja Jumamosi asubuhi. Fundi alivaa koti aliloshona mwenyewe. Mama Mkubwa alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti nzito na maneno machache, akakalia kiti chetu kizuri bila kuogopa kitavunjika. Chai haijamiminwa, baba akasimama. "Kijana, twende nje."

Niliwafuata. Baba akaonyesha safu. "Unaona nini?"

Fundi alichuchumaa, mikono mgongoni, akatembeza macho kama yuko dukani anachagua vitambaa. Akaonyesha Siagi na Kifaranga. "Haya mawili si ndugu, mzee. Hili lina weupe kwa ndani. Hili lina wekundu kidogo sana, wa kuiba. Nikimshonea mteja hili kwa uzi wa lile, gauni atanirudishia kesho yake."

Baba akavua kofia. Mara ya mwisho kumwona akivua kofia bustanini ilikuwa siku tuliyoletewa habari za msiba. Akamwonyesha Nta, akamwonyesha Ndizi Mbivu, na kila mara fundi alisema kitu ambacho baba alikirudia kwa sauti ya chini, kama anakihifadhi. Mwishoni akamwambia, "Subiri hapo hapo. Usiondoke." Akaingia ndani kuchukua kikombe. Kikombe! Kile ambacho hata mwenyekiti wa chama alikitazama kwa mbali. Nilijua mambo yameiva. Mama akaniita nikasaidie sinia, nikaenda mbio, karibu niimbe.

Tuliporudi, baba amekumbatia kikombe, fundi alikuwa anarudisha mkasi mdogo mfukoni. Alikuwa anatabasamu.

"Nimekusafishia, mzee. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia kila mahali."

Nawaomba msimlaumu haraka. Mkasi ule hulala naye. Kwake yeye uzi unaoning'inia ni kazi isiyokwisha, na mkono wake haumuombi ruhusa. Nimeshawahi kumwona akimkata uzi mtu asiyemjua kwenye foleni ya benki. Safu nzima, kuanzia Ndimu mpaka mwisho, mabua yalikuwa safi kama nguo mpya inayosubiri mwenyewe aje kuichukua.

Baba hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Alitazama safu kutoka mwanzo hadi mwisho, akatazama kikombe, akasema, "Tuingie ndani."

Alikiweka kikombe mezani, hakukaa. "Nawashukuru kwa kuja," akamwambia Mama Mkubwa. "Jibu langu ni hapana. Kijana asiyemjua baba yake amekuja kwangu, na kabla hata ya chai ameshahakikisha maua yangu nayo hayawajui baba zao."

"Baba, ni maua," nikasema.

"Ni miaka mitatu."

Fundi alikuwa amesawijika. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa nyuzi zote na kuziweka mezani, kifungu kidogo cha rangi rangi. "Nisamehe, mzee. Nilidhani ni watoto wamecheza. Tena nilidhani watoto wawili, maana mafundo yenyewe ni ya aina mbili."

"Fundo ni fundo," baba akasema. "Nendeni salama."

Mama Mkubwa akauvuta mkoba wake kutoka chini ya kiti. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia, machozi yananitoka, siwezi hata kuyafuta. Ndipo mama akanipokea sinia ile, akaiweka mezani kando ya kikombe.

"Kuna ya aina mbili," akasema. "Mengine nayafunga mimi."

Baba akamgeukia. "Unafunga nini?"

"Nyuzi zako. Kamba yangu ya nguo si inapita juu ya maua yako? Upepo ukivuma shuka linafagia, nyuzi zinaanguka. Mara ya kwanza ulipoukuta uzi chini, ulinuna wiki nzima, chakula hugusi. Basi tangu hapo nikiukuta chini, naufunga."

"Unaufunga wapi?"

"Kwenye ua lililo karibu. Mimi nitajuaje ulikuwa kwenye lipi?"

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza."

Baba akakaa. Hakutafuta kiti, alikaa tu, na bahati nzuri kiti kilikuwepo. Halafu akauliza, taratibu sana, "Na Hesabu?"

Wote tukatazama kikombe.

"Mwaka ule," mama akasema, "kulikuwa na upepo sana."

Mama Mkubwa, ambaye alikuwa nusu amesimama, nusu amekaa, akaniuliza Hesabu ndiye nani. Nikamwonyesha dirishani. Lilikuwa limechanua matatu kwa mpigo asubuhi ile, makubwa, mepesi, na harufu yake ilikuwa mle ndani nasi muda wote.

"Zuri," akasema. "Mama yake ni yupi?"

"Lile refu, Kiini," nikajibu.

"Na baba?"

"Nyuki alipita," mama akasema. "Au kipepeo."

Mama Mkubwa akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, au ya kuigiza, mpaka leo sijui. "Kumbe. Kwa hiyo mtaling'oa?"

Baba akaruka kama ameumwa na siafu. "Ling'olewe? Kwa kosa gani? Lile ndilo ua bora kuliko yote niliyowahi kuyaona! Ua unalitazama linavyochanua, mama, huliulizi baba yake ni nani!"

Maneno hayo yalipokwisha kutoka, niliyaona yakigeuka na kumwingia masikioni. Mkuki kwa nguruwe. Mama Mkubwa alikaa, akaurudisha mkoba chini ya kiti, akajimiminia chai. Mtu aliyelisha bweni zima la wavulana anajua wakati wa kunyamaza.

Baba akatafuta pa kutokea, na kama kawaida ya waume waliobanwa, akamwona mkewe. "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unanidanganya."

"Sikukudanganya," mama akasema. Sauti haikupanda hata kidogo, na ningependa ingepanda. "Wewe unafunga fundo la wapima ardhi, lile la kamba zenu. Mimi nafunga langu la kamba ya nguo. Yote yalikuwa pale pale, unayainamia kila asubuhi na miwani yako. Manjano kumi na nne unayajua hata ukifumba jicho moja. Fundo la mkeo hujaliona hata siku moja."

Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Nilimwonea uchungu mama yangu, na niliona haya, kwa sababu nguo zangu pia zimeanikwa kwenye kamba ile tangu nizaliwe, na mimi pia nisingelijua fundo lake.

Baba alinyoosha mkono kwenye kile kifungu cha nyuzi. Alichambua, akalisogeza fundo moja karibu na macho, akaliacha, akachukua jingine.

"Lako ni lipi?" akauliza.

"Wape wageni jibu lao kwanza."

"Jibu gani tena? Wamekubaliwa." Alisema hivyo bila kuwatazama, kama anayefukuza nzi. "Kijana, umekubaliwa. Kaa, kunywa chai, chai inapoa." Kisha akamsogezea mama uzi mwekundu, mrefu kuliko nyingine. "Nionyeshe unavyofunga."

Fundi alinishika mkono chini ya meza. Mama alijipangusa viganja kwenye kanga, akatazama huku na huku kutafuta kitu cha kufungia. Mle ndani hapakuwa na ua. Akakivuta kidole cha baba, akazungusha uzi mara mbili, akaupitisha chini, na kumwambia atazame vizuri. Kisha akaukaza, zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.