Mkia Apata Jibu

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyembandika binti yule jina la Mkia, na darasa zima likalidaka. Kila akikosea, mwalimu alifuta ubao kwa kiganja. "Anza upya, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu."

Binti akavumilia. Nyumbani dada yake akamfundisha sehemu kwa vipande vya chungwa, mpaka zikamkaa kichwani.

Siku moja akaikokotoa hesabu ubaoni bila kusita, akapata. Mwalimu akakunja uso.

"Umenakili kwa nani?"

"Nimefanya mwenyewe, mwalimu."

"Wewe, Mkia?" Darasa likaangua kicheko. Akapigishwa magoti mpaka kengele ikalia.

Kesho yake akaitwa tena ubaoni. Jibu alilijua. Akaandika lingine, makusudi.

Mwalimu akafuta huku akitabasamu. "Haya, anza upya, mwanangu."