Nipime na Ushungi Wangu

"Dada Fadhila, vua ushungi," alisema Antoni, fundi wa vipimo. "Kitambaa kitaharibu vipimo."

Nilicheka kwa hasira. Nilikuwa nimetoka Mkuyuni hadi Butimba nikiburutwa na kaka yangu Bashiru kama mbuzi wa mnadani, na hilo ndilo nililotaka likome. Sioni tangu utotoni. Antoni na wenzake walikuwa wanatengeneza kifaa cha masikioni cha kumjulisha mtu asiyeona upande gari lilipo, lakini kwanza ilibidi wapime jinsi kichwa na masikio yake vinavyoibadilisha sauti kabla haijaingia ndani. Kikipangwa vizuri, nitakwenda peke yangu kwenye meza yangu ya dagaa. Kikikosewa, bodaboda itanizoa.

"Barabarani navaa nini, kaka?" nilimuuliza. "Masikio yangu yamejifunza dunia yakiwa ndani ya kitambaa hiki."

"Watu arobaini wamepimwa vichwa wazi. Ndio utaratibu."

"Basi utaratibu wenu haunijui. Na mbele yako sivui. Toka, abaki Precious, halafu utaona."

Alitoka akiguna. Precious, binti msaidizi wake, alinikalisha kwenye kiti katikati ya duara la spika. Kuta zilikuwa zimezibwa kwa magodoro mpaka sauti yangu ikafia mdomoni. Nikavua. Akanitia masikioni vinasa sauti vidogo kama mbegu za papai, kisha spika zikaanza kulia moja moja, nami nikawa nanyoosha kidole kule sauti inakotoka. Shingo ilipata ubaridi nisiouzoea. Mlio wa nyuma niliusikia mbele. Nilikosea mara sita kati ya kumi, na kila kosa lilikuwa pikipiki.

Nikavaa ushungi, nikaubana pini chini ya kidevu kama kila asubuhi. "Rudia."

Nilipata tisa.

Antoni aliporudi nilimsikia akipekua matokeo. Kisha nikasikia penseli yake.

"Unaandika nini?"

"Kwenye safu ya kasoro. Kwamba ulivaa kitambaa."

"Futa."

"Dada, ni maelezo tu..."

"Kasoro ni yale makosa sita. Futa, andika jina langu na vipimo vya mara ya pili. Kichwa changu ndicho hiki. Na wale arobaini, wanaovaa waite tena."

Nikausikia ufutio ukikwaruza karatasi, kushoto kwangu, mbele kidogo.