Pipa Lililooshwa kwa Sabuni

Kazi nimefanya nyingi na zote nimeziacha. Nimevua samaki Port Victoria, nimekuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya mafuta mpaka Kampala, nimelinda miwa ya watu. Shule nayo niliionja hivyo hivyo, darasa la pili hapa, la nne pale. Ndiyo maana nikiwa na miaka sabini na moja nilikuwa bado nakaa kwenye benchi ya ngumbaru, darasa la watu wazima, katika kituo kimoja cha vijana nje kidogo ya Malaba, nikihangaika kujumlisha nusu na robo.

Upande wa pili wa ukuta vijana walifundishwa kuchomelea vyuma. Msichana alikuwa mmoja tu, Amoit, miaka kumi na tisa. Saa ya chai alikuwa anakuja kukagua daftari langu na kunicheka. Aliniambia najumlisha kama mtu anayehesabu ng'ombe na kuku kwenye zizi moja. Kisha anakaa, ananionyesha tena, polepole.

Jumanne moja nikakuta mapipa sita ya bluu yamelazwa juani, vizibo vimekazwa. Amoit akanieleza kwa furaha. Alhamisi wafadhili wanakuja, na yeye ndiye amechaguliwa kukata pipa la kwanza mbele yao, kwa moto wa gesi. Yatakuwa beseni za watoto wa shule ya msingi kunawia mikono. Akikata vizuri anapelekwa Kisumu, kwenye karakana kubwa, na huko ukiingia hutoki bila kazi.

Nikamuuliza mapipa yalikuwa na nini.

Petroli, akasema, yametoka yadi ya malori. Lakini nisiwe na wasiwasi, wameyaosha kwa sabuni ya unga, ni matupu kabisa.

Nikaweka kikombe cha chai chini.

Watu huogopa pipa lililojaa. Aliyefanya kazi na mafuta huogopa lile tupu. Petroli ukiimwaga, mvuke wake haumwagiki wote. Unajificha kwenye mikunjo ya bati, na jua likipiga unatoka kujaza pipa. Sabuni haiufikii. Haya sikuyasoma popote. Miaka mingi iliyopita, Eldoret, niliosha pipa la namna hiyo mara mbili, nikalibeba mwenyewe kwa fundi mmoja anaitwa Levis. Sitaeleza tulichookota. Mfuniko tuliukuta ng'ambo ya barabara.

Nikaenda kwa Mwalimu Elungat, mkufunzi wao, kijana mwenye diploma na sauti ya kuamrisha. Nikamwambia ajaze maji kila pipa mpaka karibu na juu, afungue vizibo, ndipo wakate. Akanijibu kwamba pampu ya kisima imeharibika, maji yenyewe wanabeba kwa mitungi kutoka mtoni, na yaliyopo ni ya kupika. Nilipozidi kusema, akageukia darasa.

"Mzee wa ngumbaru umefika herufi gani? Ukifika kwa fizikia uniite."

Wakacheka. Amoit naye alicheka kidogo, halafu akaangalia viatu vyake.

Jumatano nikaenda kwa Petronilla, mama wa ofisi. Akanisikiliza vizuri, akasema ratiba ya wageni imeshachapishwa, na kama nina malalamiko niandike barua. Nikakaa na kalamu mpaka jioni. Nilipata mistari mitatu, na hata mimi nilipoisoma sikuogopa.

Alhamisi wageni wakapangwa kwenye hema. Jua lilikuwa kali tangu saa mbili. Pipa la kwanza lilikuwa limelazwa juu ya mawe, na Amoit amesimama kando yake kwa ovaroli mpya, tochi ya gesi mkono mmoja, kibiriti mkono mwingine. Nikaenda nikalikalia lile pipa. Lilikuwa la moto.

Elungat akaja akitabasamu kwa ajili ya wageni, akininong'oneza meno yamebanwa nishuke, nawaaibisha. Nilimwambia Amoit habari ya Levis, yote, mpaka ule mfuniko. Halafu nikamalizia lile ambalo sijawahi kumwambia mtu.

"Ni mimi nilimwambia ni tupu."

Amoit akaweka kibiriti mfukoni, akachukua spana, akafungua kizibo, akapiga magoti na kuweka pua pale. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa anatokwa na machozi, sijui ni ya harufu au ya Kisumu.

"Linanuka, Mwalimu."

"Hiyo ni sabuni. Washa, wageni wanangoja."

"Basi kata wewe." Akamwekea tochi mkononi.

Nilimtazama Elungat usoni. Wageni walikuwa wameinua simu zao kupiga picha. Alinusa pale kwenye kizibo haraka haraka, kama mtu anayeonja mboga ya moto. Akasimama. Akafungua gesi, ikaanza kulia, fsss, na mkono wake mwingine ukamwomba Amoit kibiriti. Amoit akampa.

Hakukiwasha. Aliita wanafunzi, akawaambia waende nyuma ya ukuta. Akawaambia mara ya pili, kwa ukali. Amoit akabaki.

"Na wewe pia, dada. Nenda."

"Kama ni sabuni niende wapi?"

Gesi ililia kidogo zaidi, halafu akaifunga. Nikashuka.

Wageni waliambiwa kuna hitilafu ndogo. Vijana wakapanga mstari kutoka mtoni na mitungi, mpaka pipa likasimamishwa na kujaa, imebaki nafasi ya vidole vinne juu. Ilikuwa saa nane kasoro. Amoit aliomba akate yeye. Moto ulipogusa bati, ile nafasi ya vidole vinne ikashika moto: puu! Mwali wa bluu ukaruka kutoka kwenye matundu ya vizibo, ukazima. Maji yakatikisika. Amoit alisimama amefumba macho, kisha akafumbua, akaendelea kukata, na mstari wake ulikuwa mnyoofu.

Hakuna aliyepiga makofi. Wageni walikuwa wakitazama yale matano yaliyobaki pale juani, na mmoja wao akarudisha kiti chake nyuma.

Elungat alikuja akakaa chini kando yangu, kwenye vumbi, na shati lake jeupe. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Mzee," akasema, "mwaka jana tulikata mapipa manane. Bila maji. Mimi nikiwa nimewakusanya wanafunzi wote karibu, ili waone vizuri."