Kitambaa cha Kujaribia

Mama Nembo hakuwahi kudarizi kitu kwenye nguo ya mteja kabla ya kukijaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu. Hata nembo ambayo ameshaidarizi mpaka anaiota, lazima achukue shuka kuukuu, akate kipande, akibane kwenye fremu, aiache mashine ipige mishono yote mpaka mwisho. Ndipo anagusa sare ya mtu. Wateja wenye haraka zao walimnung'unikia kwamba anapoteza muda. Yeye aliwajibu kwamba uzi ukishaingia kwenye nguo, kuutoa ni kuacha matundu, na nguo yenye matundu haivaliwi.

Kazi yake aliifanyia kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, dirisha linaangalia barabara. Humo mlikuwa na cherehani ya umeme ya kudarizi, kubwa, nzito, imeshika nusu ya chumba. Pembeni yake ilikaa kompyuta ya zamani ambayo rangi ya kioo chake ilishaanza kupauka, na baina yao waya mmoja mnene. Kompyuta ilichora, waya ukapeleka mchoro, cherehani ikashona. Lakini haya yote yaliwezekana kwa sababu ya kiprogramu kimoja kidogo, mafundi wanakiita draiva, ambacho ndicho kilichoifanya cherehani isikie inachoambiwa na kompyuta. Waliokitengeneza walishafunga biashara yao zamani. Mama Nembo alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana kompyuta ile hakuiunganisha na mtandao wala hakumruhusu mtu kuigusa.

Sasa kompyuta yenyewe ilitoka kwa kampuni moja kubwa, ya zile zenye waumini. Naam, waumini, sina neno jingine. Kila mwaka, kampuni ikikaribia kutangaza mfumo wake mpya wa kuendeshea kompyuta, watu wazima wenye wake na watoto huacha kazi zao wakakaa kubashiri. Mfumo utakuja na nini? Kompyuta zipi zitaupokea na zipi zitaachwa? Hakuna anayejua, na kutojua huko ndiko kunakowanogea. Mmoja kaona picha imevuja, mwingine kamsikia mtu aliyemsikia mtu, basi mjadala hauishi mpaka jua linazama.

Kiongozi wa soga hizo mtaani alikuwa mdogo wake Mama Nembo, wa tumbo moja, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta. Walimwita Nabii. Aliwahi kubahatisha mara mbili, na hizo mbili hakumruhusu mtu azisahau. Alizokosea alizisahau mwenyewe. Alikuwa fundi mzuri, tusimnyime haki yake. Ufundi huo aliusomea chuoni kwa jasho la dada yake, maana baada ya wazazi wao kuondoka ni cherehani ile ile iliyomlisha na kumsomesha.

Mpinzani wake alikuwa fundi simu wa ng'ambo ya barabara, mtu mwembamba aliyependa kuchomeka kalamu mfukoni, wakambandika jina la Profesa. Mwaka ule Profesa alishikilia kwamba kompyuta za zamani za kampuni, aina ile ile ya Mama Nembo, safari hii zinatupwa. Nabii akajipiga kifua kwamba hazitupwi ng'o. Wakabishana wee, mpaka wakawekeana sharti mbele ya kijiwe kizima kwamba atakayeshindwa hatatia neno tena kwenye mjadala wowote wa kampuni ile, mwaka mzima. Kwa Nabii, afadhali ungemnyima chakula.

Mara toleo la majaribio la mfumo mpya likavuja mtandaoni. Kijiwe kikachangamka. Lililobaki ni kulipakia kwenye kompyuta ya zamani ya aina ile na kuona kama itawaka. Wakatafuta. Aliyekuwa nayo alishaiuza, mwingine yake imekufa, mwingine kaigeuza kimeza cha kuwekea redio. Nabii akasema anajua iliko moja nzima.

Alifika kwa dada yake mchana, mikono nyuma, uso mtamu. Mama Nembo alikuwa amezungukwa na marundo ya sare za shule mpya iliyokuwa inakaribia kufunguliwa. Mkuu wa shule alimwamini yeye peke yake kwa nembo zote. Nembo yenyewe, tai aliyetandaza mabawa, alikuwa ameshaichora, ameshaijaribu kwenye shuka, imetulia. Kesho yake angeanza kudarizi. Nabii akasikiliza kompyuta inavyovuma, akatikisa kichwa kama daktari. Akasema feni imejaa vumbi, dada, itakuzimikia katikati ya kazi. Akaomba aichukue akaisafishe, jioni ataileta.

"Vumbi tu," Mama Nembo akamwambia. "Ndani yake usiguse kitu."

"Dada, mimi nduguyo."

Akaibeba kifuani mpaka kibandani, na kwa kweli vumbi alilitoa. Halafu, kijiwe kizima kikiwa kimemzunguka, akapakia mfumo mpya. Wakasubiri wakiwa roho juu. Kioo kikawa cheusi, kikakaa hivyo mpaka Profesa akaanza kutabasamu, kisha kikawaka kwa rangi ambazo kompyuta ile haijawahi kuzitoa tangu izaliwe. Wakamnyanyua Nabii mabegani. Picha zikapigwa, zikasambaa, mtu wa mbali asiyemjua akamwandikia kumwita bingwa. Katika furaha ile yote hakuna aliyeuliza kompyuta ni ya nani na inafanya kazi gani.

Jioni akairudisha. Inang'aa, nyepesi, haivumi. Mama Nembo akaishangaa rangi yake, akachomeka waya, akabana shuka kwenye fremu kama kawaida yake, akafungua mchoro. Tai akatokea kwenye kioo, mzuri kuliko alivyokuwa jana. Akabonyeza. Cherehani haikutikisika. Akachomoa waya, akachomeka, akabonyeza tena. Kimya. Akamgeukia mdogo wake, na alipouona uso wake akajua hata kabla hajaambiwa.

Nabii akapiga magoti chini ya meza, akahangaika na waya usio na kosa lolote. Akasema ni jambo dogo. Akajaribu kuurudisha mfumo wa zamani, kompyuta ikaukataa, maana huo mpya ulishafunga mlango nyuma yake. Akatafuta draiva nyingine. Kwa mfumo ule haikuwepo, wala hapakuwa na wa kuitengeneza. Akafikiria kompyuta nyingine, lakini programu ya kudarizi ilisajiliwa kwa hiyo hiyo moja, na wenyewe hawapo tena wa kuisajili upya. Nakala ya vitu vya zamani hakuweka. Haraka ya kuwaonyesha watu ilimzidi nguvu. Michoro yote ya Mama Nembo ilikuwa humo, mizima mizima, unaiona kwa macho, na hakuna hata mmoja unaoweza kutoka.

Hapo ndipo ukweli wote ukamtoka, kijiwe, Profesa, sharti, picha. Mama Nembo alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kile kipande cha shuka.

"Mimi nembo ninayoijua kama jina langu naijaribu kwanza kwenye kitambaa kisicho na kazi," akasema. "Wewe ulipotaka kujaribu, ukatazama mtaa mzima, ukaona kitambaa kisicho na kazi ni mimi."

Nabii akalia, akaapa kwamba toleo rasmi likitoka litairudisha draiva, kwamba kuna fununu hizo, kwamba watu wanaoaminika wanasema. Hata pale, jamani, bado alikuwa anabashiri. Dada yake alimwomba atoke nje.

Mkuu wa shule alisubiri kadiri alivyoweza, kisha akatuma watu waje kuchukua sare. Hakumtukana, alisema tu kwamba amesikitika, na hilo lilimuuma Mama Nembo kuliko tusi. Wateja wengine wakafuata, mmoja mmoja, kwa salamu za upole. Akajaribu kudarizi kwa mkono, macho yakamshinda. Kisha akaacha kufungua dirisha.

Siku ya tangazo ikafika. Asubuhi kijiwe kilijaa mpaka barabarani, wote wameinamia simu moja. Kampuni ikaonyesha orodha ya kompyuta zitakazopokea mfumo mpya, na ile ya zamani ilikuwemo, mwisho kabisa, lakini ilikuwemo. Profesa akamwinamia Nabii mbele ya watu. Nabii hakungoja hongera ziishe. Alikimbia mpaka kwa dada yake huku akisoma maelezo njiani, na karibu na mlango akafika kwenye mstari usemao kwamba vifaa vya zamani vya makampuni mengine havitatambuliwa tena. Akausoma mara mbili. Akaingia hivyo hivyo.

Chumbani mlikuwa na vijana wawili wa mtu anayenunua mashine kwa ajili ya vipuri. Walishaifungua cherehani miguu na walikuwa wanahangaika kuipitisha mlangoni. Mama Nembo alikuwa ameshika pembe moja.

"Kompyuta yako imo, dada," Nabii akasema. Hakujua aseme nini kingine. "Nilisema itakuwemo."

Mama Nembo akamtazama. Hakuwa na hasira, na Nabii angetoa chochote aione ile hasira.

"Hongera," akamwambia. "Sasa shika upande huu, ni mzito."

Akashika. Wakaitoa wote wanne mpaka kwenye gari, na njia nzima simu yake ilikuwa inalia mfukoni, watu wakimpigia kumpongeza.