Aliyeanguka Kitabuni

Mwaka wa tisini na sita Muasya alianguka kutoka ghorofa ya pili ya mjengo mmoja kule Komarock. Kitabu cha nyapara, hata hivyo, kilisema aliyekuwa kazini ni shemeji yake Kyalo, ambaye siku hiyo alikuwa akiendesha lori kwenda Machakos, buheri wa afya.

Haikuwa njama. Kuandikwa katika kitabu kile kulikuwa kugumu kuliko kubeba saruji, na aliyeandikwa hakuiacha nafasi ipotee. Kyalo alipopata udereva, alimwachia Muasya jina kama mtu anavyoachia mwenzake koti. Kwa miezi minane Muasya aliitika "Kyalo!" bila kusita.

Sasa alikuwa katika ofisi ya leba, inayoshughulikia haki za wafanyakazi, mguu ndani ya plasta, mkewe Mutheu kamshikia magongo yaliyochongwa sokoni Gikomba.

"Mnaweza kudai fidia hapa," alieleza afisa, Bi Wacera, "au mtafute wakili mumshtaki kontrakta kortini kwa uzembe kabla ya miaka mitatu kwisha. Lakini kote huko mtaulizwa kitabu. Kontrakta amekileta mwenyewe, anatabasamu. Na hakikujui, baba."

"Basi nidai mimi," alisema Kyalo, aliyekuwa amewasindikiza. "Nitachechemea."

"Chechemea urudi kwenye lori lako," Mutheu, dada yake, alimkatiza.

"Leteni walioona," alisema Bi Wacera.

Jumatatu walikuja wafanyakazi watatu, saruji ingali kwenye viatu.

"Mnamjua huyu?"

"Sana! Huyu ni Kyalo," alijibu mmoja wao, mrefu kuliko wenzake.

"Kyalo kabisa."

Mutheu alijifunika uso kwa leso.

"Huyu anaitwa Muasya," alisema Bi Wacera.

"Kumbe!" Yule mrefu alimtazama Muasya kwa uchungu. "Na githeri tunakula sahani moja!"

"Aliyeanguka ni nani?"

"Ni huyu. Mimi ndiye niliyemtoa chini ya mbao."

"Vizuri. Na wewe jina lako?"

Yule mrefu alijikuna kisogo. "La kitabuni, madam, au la nyumbani?"

"Wewe si Ndirangu?" Muasya alishtuka.

"Ndirangu ni binamu yangu. Alishahamia Lucky Summer. Mimi ni Njogu."

Wenzake wawili walikuwa wakitazama sakafu.

Bi Wacera alikifunga kitabu, akakisukuma kando kwa kiwiko, akatoa karatasi safi.

"Ya nyumbani, nyote. Tuanze na mgonjwa."

"Muasya," alisema Muasya.

Wale watatu walilirudia kimyakimya, wasije wakalikosea mbele ya hakimu.